Nusu ya Siku Ni Yako: Mbinu kwa Mzazi wa Nyakabiga Anayesita Kati ya Shule na Nyumbani

Mtoto amefika miaka 6 na Septemba inakaribia. Jirani anakwambia ekofo, shule za msingi za serikali, zimejaa, watoto wanabanana kwenye dawati, bora umfundishe mwenyewe. Shemeji anajibu kwamba mtoto wa nyumbani atakosa karatasi za serikali na atakosa wenzake. Kila mmoja ana hoja. Wewe una kazi, una nyumba, na unataka kuamua wiki hii.

Ushauri wangu ni huu: mwandikishe shule ya serikali, halafu nusu ya siku inayobaki ichukue wewe. Shule zetu nyingi za msingi zinafundisha kwa double vacation, kundi moja asubuhi, jingine mchana. Mtindo huo tunao tangu miaka ya 1980, serikali ilipotaka watoto wengi waingie kwenye madarasa machache yaliyokuwepo. Kwa hiyo kwenye shule kama hiyo mtoto wako atakuwa nyumbani nusu ya kila siku ya masomo, upende usipende. Nusu hiyo ikiachwa, inaishia barabarani. Ukiikamata, mtoto anapata mafunzo ya nyumbani na bado anabaki na jina lake kwenye daftari la shule.

Nenda ukaione shule mwenyewe

Usiamue kwa maneno ya watu. Tembea hadi shule iliyo karibu nawe, na ufike wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Robo saa inatosha. Angalia vyoo. Angalia kama kuna maji ya kunawa. Sikiliza walimu wanavyozungumza na watoto. Chungulia uone wangapi wanakaa dawati moja.

Madarasa utayakuta makubwa. Mwaka 2005 serikali ilifuta minerval, ada ya shule ya msingi, na watoto wakaingia kwa wingi kuliko vyumba na walimu walioongezwa. Darasa la watoto 80 halimshangazi mtu hapa Bujumbura. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Hiyo ndiyo kazi unayoichukua wewe, na nitakuonyesha namna ya kuifanya.

Lakini usiidharau shule hiyo. Mwaka 2014 mtihani wa PASEC uliwapima watoto wa nchi 10 za Afrika, kuanzia Senegal hadi hapa kwetu. Watoto wa Burundi wa mwaka wa pili waliongoza, kwa kusoma na kwa hesabu. Walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayofundishwa nayo miaka ya mwanzo. Wengi wa wenzao walipimwa kwa Kifaransa, lugha ambayo hawaisikii nyumbani. Likumbuke hilo kabla hujakopa pesa kumpeleka mtoto wa miaka 6 shule ya ghali kwa sababu tu huko wanaanza na Kifaransa. Mtoto anayejua kusoma vizuri kwa lugha moja amebakiza njia fupi kufika kwenye lugha ya pili.

Ukiwa hapo, muulize directeur mambo manne. Mtoto atakuwa zamu gani? Zamu zinabadilishana au zinabaki hivyo mwaka mzima? Vitabu anarudi navyo nyumbani au vinabaki shuleni? Na kwa mwaka mzima, ukijumlisha uniform, madaftari na michango, nijiandae na kiasi gani? Swali la mwisho liulize bila aibu. Minerval ilifutwa, gharama nyingine zipo, na mzazi anayezijua mwezi Julai anazitenga kidogo kidogo. Anayezijua Septemba anakopa.

Karatasi ya kuzaliwa itafute mapema. Kama mtoto hajaandikishwa, anza kwenye ofisi ya zone leo, usingoje wiki ya kufungua shule wakati wazazi wote wamepanga foleni. Piga fotokopi kadhaa na uziweke kwenye bahasha moja pamoja na kila bulletin ya alama atakayoleta. Bahasha hiyo utaihitaji kwa miaka mingi.

Panga saa mbili, zisizidi

Sasa nusu ya siku. Kosa la kwanza la wazazi wenye bidii ni kutaka kurudia shule nzima nyumbani. Mtoto wa miaka 7 hawezi kusoma asubuhi shuleni na mchana wote mezani. Saa mbili zinatosha, tena zigawe vipande.

Kama yuko zamu ya asubuhi, akirudi ale kwanza, anywe maji, alale au acheze. Joto la Bujumbura saa nane mchana halifundishi mtu. Anza saa tisa na nusu. Kama yuko zamu ya mchana, anza saa mbili asubuhi, akili ikiwa mpya, na umalize mapema ili asiende shule amechoka.

Fanyeni kazi mchana, kwa mwanga wa jua. Giza letu linaingia kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na umeme wa Regideso hauna ahadi. Mtoto anayesubiri taa iwake ili afanye devoir ataifanya kwa usingizi, au hataifanya.

Mahali pawe palepale kila siku. Meza ndogo, mkeka, ngazi ya mlango, chochote. Simu yako iwe mbali. Akijua kwamba saa ile na pale ni masomo, nusu ya ugomvi imeisha.

Kama anakwenda madrasa, ihesabu. Mtoto anayehifadhi na kusoma kwa sauti mbele ya ustadhi tayari anafanya kazi ya akili. Siku za madrasa punguza kazi ya nyumbani ibaki kusoma peke yake.

Kusoma kwa sauti, kila siku

Ukiwa na muda wa jambo moja tu, liwe hili. Mtoto akusomee kwa sauti dakika ishirini. Miaka ya mwanzo iwe Kirundi, kwa kuwa ndiyo lugha ya darasa lake. Mwache afuate mstari kwa kidole. Akikwama, hesabu kimya hadi tano kabla ya kumsaidia. Mara nyingi atajitoa mwenyewe.

Baada ya ukurasa, funga kitabu na umwambie akusimulie. Hapo ndipo utagundua kama alisoma au alitamka tu. Kuna watoto wanaotamka vizuri kabisa na hawajui hata mhusika alikwenda wapi. Huyo mrudishe ukurasa uleule, mara hii polepole.

Wewe hukusoma sana? Bado unaweza. Unasikia anaposita. Unajua kama hadithi aliyokusimulia ina kichwa na miguu. Unaweza kumuuliza kwa nini, nani, kisha ikawaje. Mzazi asiyejua herufi akikaa na mtoto kila siku bila kukosa anamjengea msomaji. Wapo wengi hapa mtaani waliolelewa hivyo, na mama zao wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Vitabu ni vichache, na shuleni mara nyingi watoto kadhaa wanatumia kimoja. Kwa hili Nyakabiga ina bahati. Tuko ubavuni mwa kampasi ya Mutanga, na penye chuo kikuu pana mashine za fotokopi. Omba kitabu kwa mwalimu siku ya Ijumaa, toa nakala ya kurasa za wiki mbili zijazo, kirudishe Jumatatu kikiwa safi. Mwalimu akiona unarudisha, atakupa tena.

Mtoto akishaweza kusoma Kifaransa kidogo, mpeleke Institut français, pale Rohero. Wana médiathèque. Kwa miguu mnafika. Aone rafu zilizojaa vitabu, achague mwenyewe hata kama atachagua chenye picha tu.

Hesabu iko dukani

Mtume kwenye alimentation ya kona na noti ya 5,000. Kabla hajatoka, akwambie chenji itakuwa kiasi gani. Akirudi, ihesabuni pamoja. Akikosea, usimcheke wala usimgombeze. Rudieni kwa vifuniko vya chupa au maharage.

Mwache apime mchele. Mwache agawe ndizi sawa kwa watoto watano huku zikiwa saba, na aseme afanye nini na zilizobaki. Mwache asome saa na aseme zamu yake inaanza baada ya dakika ngapi. Table ya kuzidisha aikariri, ndiyo, moja kwa wiki, kwa kuimba mkitembea. Hakuna njia ya mkato kwenye table.

Mwaka wa tano ndio mlima

Hapa simama usome vizuri, kwa sababu hapa watoto wengi wazuri wanaanguka na wazazi hawajui kilichotokea.

Miaka minne ya kwanza ya ekofo mtoto anafundishwa kwa Kirundi. Kifaransa ni somo, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Akifika mwaka wa tano, Kifaransa kinakuwa lugha ya kufundishia. Mtoto aliyekuwa anaongoza kwa hesabu anarudi na alama mbaya. Baba anasema amekuwa mvivu. Mama anasema mwalimu hamtaki. Ukweli ni kwamba hesabu bado anaijua. Haelewi swali.

Anza kujiandaa mwaka wa tatu. Mwaka mzima kabla, ukichelewa. Usisubiri Septemba ya mwaka wa tano.

Kwanza, sikio. Chagua wakati mmoja wa siku ambao nyumba inaongea Kifaransa, kwa mfano chakula cha mchana. Hata kama Kifaransa chako ni cha kuunga, tumia ulicho nacho: passe-moi le sel, il reste combien, qui a fini. Mtoto anahitaji kuizoea lugha mdomoni mwa watu anaowapenda. Lafudhi itakuja.

Pili, maneno ya kuamuru. Chukua kitabu cha hesabu cha mwaka wa tano na utazame maswali yanavyoanza. Calcule. Compare. Complète. Range. Entoure. Souligne. Ni maneno machache na yanajirudia kitabu kizima. Kila wiki matatu. Yaandike kwenye daftari lenye safu tatu, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa. Guteranya, kujumlisha, additionner. Mtoto ajaze mwenyewe, kwa mkono wake. Daftari hilo atalibeba hadi mwaka wa tisa.

Tatu, na hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote: chukua zoezi alilolipata lote kwa Kirundi, umpe lilelile kwa Kifaransa. Namba zilezile, jibu lilelile. Anaingia akijua tayari kwamba anaweza. Akili yote inabaki kwa lugha. Fanyeni hivyo mara mbili kwa wiki kwa muhula mmoja na utaona woga unavyopungua.

Kuhusu Kiswahili, mtoto wa Nyakabiga anaanza mbele ya wenzake wa vijijini, kwa sababu anakisikia tangu utotoni, kuanzia hapa hadi Bwiza na Buyenzi. Lakini Kiswahili cha barabarani na cha mtihani havifanani. Muonyeshe Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014. Hesabu na sayansi, kwa Kiswahili safi. Kipindi kimoja, kisha aandike sentensi tatu kuhusu alichokiona. Simu inarudi kwako.

Kama mtoto ametoka Kongo

Familia nyingi zimevuka kutoka Uvira, Bukavu na kwingineko, na nyingine zimepanga hapa mtaani. Mwaka 2025 waliingia kwa wingi zaidi. Kama wewe ni mmoja wao, tatizo lako liko kinyume. Mtoto anajua Kiswahili, pengine na Kifaransa, lakini Kirundi hana, na ndiyo lugha ya madarasa ya chini.

Usimzuie nyumbani mwaka mzima akisubiri kukijua. Kirundi atakipata kwa watoto, uwanjani, haraka kuliko kwako. Mwandikishe, kisha mtafutie mtoto wa jirani aliye darasa lilelile. Wafanye devoir pamoja kwenye baraza lako, wewe ukiwatengea chai. Mtoto mwenyeji anamsomea Kirundi, wa kwako anamsaidia Kiswahili na Kifaransa. Wote wanafaidi na hakuna aliyelipa.

Kama una bulletin za Kongo, hata zilizolowa, zilete kwa directeur. Kama zilibaki kwenye nyumba iliyoachwa, sema hivyo wazi na uombe mtoto apimwe ili awekwe darasa linalomfaa. Umri peke yake usiamue.

Kumpata répétiteur anayefaa

Kuna siku huwezi. Unauza, unafunga duka jioni, una mtoto mchanga. Basi tafuta répétiteur, mwalimu wa kumsaidia mtoto nyumbani. Wanafunzi wa chuo kikuu wamepanga vyumba mtaa wetu wote, na wengi wanahitaji pesa ya mwisho wa mwezi.

Mjaribu kabla ya kukubaliana. Afundishe somo moja mbele yako. Tazama nani anashika kalamu. Kama kalamu iko mkononi mwa mwalimu muda wote, mshukuru na utafute mwingine. Wa kufaa anauliza, anangoja, anamwachia mtoto akosee kisha anamrudisha.

Usimchague anayezungumza Kifaransa cha kasi ili kukufurahisha wewe. Mchague anayekizungumza polepole hadi mtoto akaelewa.

Kubalianeni mambo yote siku ya kwanza: siku gani, saa ngapi, malipo ya mwezi, na asipokuja inakuwaje. Mwambie aache mistari miwili kwenye daftari kila akimaliza, kilichofanywa na kilichobaki. Wewe unaisoma usiku.

Masomo yafanyike barazani au sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Kila mara, hata akiwa mtoto wa dada yako. Hili silijadili.

Pesa ni ndogo? Unganeni wazazi watatu, watoto wa darasa moja. Wakizidi wanne, umetengeneza darasa jingine lililojaa. Na ni vizuri répétiteur asiwe mwalimu wake wa darasani, ili akufundishie mtoto na pia akwambie bila woga pale mtoto anapokwama.

Mwalimu wa darasa

Nenda kumwona wiki ya tatu ya muhula, kabla hakujatokea tatizo lolote. Msalimie kwa heshima, amahoro Mwalimu, jitambulishe, sema wewe ni mzazi wa nani. Nenda kati ya zamu, usimkatize akifundisha. Muulize kitu kimoja tu: nimsaidie wapi nyumbani? Mwalimu mwenye watoto 80 atamkumbuka mtoto ambaye mzazi wake alikuja bila malalamiko.

Muombe akae mbele kama haoni vizuri ubaoni. Watoto wengi wanaoitwa wazembe wanahitaji miwani tu. Mpime kirahisi: asome kibao cha alimentation kilicho ng'ambo ya barabara, jicho moja moja.

Kama kuna kipigo, matusi au uonevu, andika tarehe na kilichotokea, mwone mwalimu, kisha directeur. Hali isipobadilika, panda hadi Direction communale de l'enseignement. Nenda na karatasi, na uongee taratibu.

Ukiamua kumtoa kabisa

Zipo sababu za haki. Mtoto ana ugonjwa unaomlaza mara kwa mara. Mtoto ana ulemavu na shule haina njia wala mwalimu wa kumpokea. Mtoto ameonewa hadi hataki kula. Familia inahama kila miezi michache. Kama ni mojawapo ya hizo, sitakuzuia, nitakwambia namna ya kufanya bila kumharibia kesho yake.

Kama sababu ni video za mzazi wa Marekani anayefundisha watoto sebuleni, tulia kidogo. Kule ni halali katika majimbo yote, na anayetaka ana maktaba ya umma karibu na umeme usiokatika. Na hata Ulaya si kila nchi imefungua mlango. Ufaransa, tangu Septemba 2022, mzazi lazima aombe ruhusa kwanza, wakati zamani alitoa taarifa tu. Ujerumani inamtaka mtoto awe shuleni. Kwa wenzetu wa Kenya, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na wazazi wanaofundisha nyumbani wamejikuta mahakamani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ofisini, kabla ya kununua daftari lolote.

Mwone directeur. Mweleze sababu, peleka cheti cha daktari kama kipo. Uliza kama mtoto anaweza kubaki ameandikishwa huku akisomea nyumbani na kuja kwenye mitihani ya muhula. Kisha peleka ombi hilohilo kwa maandishi Direction communale, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Usikubali jibu la mdomo peke yake. Directeur anaweza kuhamishwa mwaka kesho, na anayemrithi atauliza karatasi.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya mwaka wa tisa. Hapo kuna concours national inayofungua mlango wa post-fondamental, yaani sekondari ya juu, na baada ya miaka mitatu mingine kuna examen d'État. Njia ya kufika huko inapita kwenye shule na kwenye bulletin. Mtoto hodari asiye na faili anabaki nje akiwaangalia wenzake aliowazidi.

Kuna wanaofikiria programu za nje, za mtandao. Piga hesabu kamili: ada kwa dola au euro, intaneti kila siku, kompyuta, umeme, na mwishoni mtihani wenyewe. Kisha kumbuka kwamba akitaka kuingia chuo kikuu hapa, diploma ya nje itapitia équivalence, yaani kulinganishwa na ya hapa. Kwa familia inayojua itaondoka nchini, inaweza kuwa na maana. Kwa anayebaki Nyakabiga, fuata programu ya Burundi, vitabu vilevile, muhula kwa muhula, ili siku yoyote mtoto aweze kurudi kwenye dawati na akute wenzake wako ukurasa uleule.

Amua nani anafundisha, kwa jina. "Tutasaidiana" haifundishi mtu. Yaya ana kazi zake, usimbebeshe na hili. Mtu mzima mmoja, saa tatu kila siku ya kazi, mwaka mzima. Kama huyo mtu hayupo, huna shule ya nyumbani, una mtoto anayekaa nyumbani.

Mtafutie watoto wenzake kwa makusudi. Kwaya, skauti, madrasa, mpira wa jioni, kikundi cha ngoma. Angalau mara tatu kwa wiki, na watoto walewale, ili urafiki uote.

Kama una jamaa Kampala, zungumza nao pia. Burundi haikufunga shule wakati wa korona, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kukaa na watoto nyumbani miezi mfululizo. Uganda ilifunga Machi 2020 na madarasa yote yakarudi Januari 2022. Waulize kipi kiliwashinda mwezi wa pili, mwezi wa sita. Watakuambia mambo ambayo hakuna kitabu kitakuambia, hasa kuhusu uchovu wa mama na wakubwa kuachiwa kazi ya kulea wadogo.

Na jiwekee siku ya kupima. Mwisho wa muhula wa kwanza, omba mtihani waliofanya wenzake shuleni. Afanye mezani, kwa muda uleule, wewe ukiwa umekaa mbali. Mpe mtu mwingine asahihishe. Akipata sawa na kawaida ya darasa, endelea. Akiwa nyuma kwenye somo moja, tafuta répétiteur wa somo hilo. Akiwa nyuma kwenye matatu, mrudishe shuleni mwanzo wa muhula unaofuata, na daftari lake la safu tatu aende nalo.